Mume wangu amefungiwa leseni, na bado anabeba watoto wa watu

Somo, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa jikoni. Watoto wamelala na baba yao yuko barazani na wenzake. Nina miaka 36, nimeolewa miaka 14, na twaishi Kiembeni, Mombasa. Naomba jina langu lisitoke.

Mume wangu ana gari la abiria 14 analobebea watoto wa shule. Alfajiri huwakusanya watoto 11 wa mitaa ya huku kwetu akawapeleka Nyali, na alasiri huwarudisha. Wazazi wao ni majirani na jamaa, hawakuandikiana mkataba wowote, ni kuaminiana tu. Kila mtoto hulipiwa shilingi 4,000 kwa mwezi, na pesa huingia kwenye simu yangu kwa sababu mimi ndiye niwekaye hesabu. Gari lilinunuliwa kwa mkopo wa chama cha ushirika. Kila mwezi twalipa 23,000 na imebaki miezi 17.

Mwezi juzi alipata kazi ya kupeleka wageni wa harusi Diani, akaona azibe pengo la mkopo. Alipomaliza kuwashusha, saa zilikuwa zimekwenda na watoto hutoka shule saa tisa na nusu. Akarudi kwa barabara ya Dongo Kundu asije akakwama kwenye feri ya Likoni. Barabara yenyewe unaijua, pana na laini, na gari lilikuwa tupu. Trafiki walikuwa wamesimama mbele na kamera ya mkono. Ikasoma 117, na gari kama lake mwisho wake ni 80. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshashikwa kwa kosa lilo hilo.

Mahakamani alikiri ili mambo yaishe upesi. Hakimu akamtoza faini ya 30,000, tukailipa kwa zamu yangu ya chama, kisha akamfungia leseni miezi sita. Sasa ni wiki ya tatu.

Somo, nilidhani tutakaa chini tupange. Alihukumiwa Alhamisi. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nikasikia gari linawashwa. Kumbe amechukua leseni ya mdogo wake, ndiyo anayoitia mfukoni. Wamefanana sana, na shemeji yangu hana jambo la kumkatalia kakake.

Nilipomuuliza alisema: “Wewe wataka watu wanicheke? Bombolulu yote yanijua. Tena nilishikwa gari tupu. Watoto wa watu sijawahi kuwaendesha mbio hata siku moja.” Nikamwendea mama mkwe nikitaraji ataongea na mwanawe. Akaniambia mke ni vazi la mumewe, na vazi halisemi.

Wiki iliyopita bodaboda alimkata ghafla pale Bombolulu, akakanyaga breki. Mtoto mmoja wa miaka 7 akajigonga mdomo kwenye kiti cha mbele, ukapasuka. Bodaboda ndiye mwenye makosa, hilo nakubali. Lakini mume wangu alimnunulia yule mtoto soda, akamleta kwanza kwetu, nikamfua damu kwenye ukosi wa shati kabla hajarudishwa kwao. Mamake ni rafiki yangu. Ndiye aliyekaa nami hospitali usiku tatu mfululizo nilipomzaa kitindamimba. Siku ya pili alileta bakuli la mahamri amshukuru mume wangu kwa kumshughulikia mwanawe. Sikuweza kuyatia mdomoni.

Nikisema, nitakuwa nimemvua nguo mume wangu mbele za watu na kuwakatia wanangu riziki. Nikinyamaza, kila asubuhi napungia mkono gari ambalo siku moja huenda likanitoa roho. Silali. Nifanyeje?

Mama wa watatu, Kiembeni

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesita pale pale, kwenye ukosi wa shati. Mkono wako ulikuwa ndani ya maji ya sabuni, na ukajua kwamba unachofua si damu peke yake. Usijilaumu kwa kukosa usingizi. Mtu asiyewajali watoto wa jirani angelala.

Nianze kwa kusema nilivyokuelewa, unisahihishe kama nimekosea. Mumeo amezuiwa na mahakama kuendesha gari, na anaendesha. Wanaojua ni wewe, yeye, mdogo wake na mama mkwe wako. Wazazi wa watoto 11 hawajui, nao kila mwezi wanatuma pesa kwa simu yako wakidhani mambo ni kama zamani. Unampenda mumeo, unaogopa kumuumbua, unaogopa njaa, na unaogopa zaidi siku ambayo breki zitachelewa. Umejiona una milango miwili tu, kusema na kunyamaza, na yote miwili inakutia hofu.

Sina hakika kwamba milango ni miwili. Lakini kabla ya hapo, kuna maneno matatu kwenye barua yako ambayo umeyapokea kama yalivyo, na mimi nataka tuyatazame.

La kwanza ni la mama mkwe. Mke kuwa vazi la mume, na mume kuwa vazi la mke, ni maneno ya Qur’ani, na mimi siwezi kuyapunguza. Sitara ni jambo kubwa kwetu watu wa pwani. Lakini hebu fikiria vazi lafanya kazi gani. Lasitiri, ndiyo. Pia lakinga jua na baridi. Nani anamkinga mumeo sasa na kile kinachoweza kumpata? Kuendesha wakati mahakama imekuzuia ni kosa jingine kabisa, si lile la mbio, na kifungo kimo ndani yake. Leseni ya mdogo wake nayo ina mashaka yake. Siku hizi leseni ni kadi ya chipu yenye picha, na rekodi zipo kwa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani. Trafiki akitia shaka, ndugu wawili ndio watakaosimama kizimbani, na shemeji yako hakuendesha hata hatua moja. Sijui kama mama mkwe ameyafikiria haya. Alisikia habari ya aibu akajibu habari ya aibu. Huenda akiambiwa kwamba wanawe wote wawili wamo hatarini, atasema jingine.

La pili ni la mumeo, kwamba alishikwa gari tupu na watoto hajawahi kuwaendesha mbio. Naamini anasema anachokiamini. Lakini rudi kwenye maelezo yako mwenyewe. Alikuwa akikimbilia wapi siku ile? Alikuwa akiwawahi watoto haohao. Mbio zilikuwa zao hata kama hawakuwamo garini. Na nyuma ya mbio kulikuwa na safari ya Diani, na nyuma ya safari kulikuwa na 23,000 za kila mwezi. Deni hilo bado lipo, na sasa ameongezewa hofu ya kila kizuizi cha polisi. Dereva anayetazama mbele kama kuna trafiki hamtazami sawasawa bodaboda anayechomoka ubavuni. Sisemi ndivyo ilivyokuwa siku ile ya mdomo kupasuka, sikuwepo. Nasema ni swali ambalo yeye mwenyewe anaweza kulijibu akiulizwa kwa upole.

Hapo hapo kuna jambo ambalo wewe hukuliandika, na mimi limenigutusha. Magari ya abiria nchini mwetu yalilazimishwa kufungwa spidi gavana tangu sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilipoanza kutekelezwa 2004, yasipite 80. Gari la mumeo lilifikaje 117? Ama gavana ilikufa, ama ilifunguliwa, ama kuna mtu aliichezea. Sheria zizo hizo ndizo zilizoleta mikanda kwenye kila kiti. Yule mtoto wa miaka 7 alikuwa amefunga mkanda? Mambo haya mawili yana uzito kuliko kadi iliyomo mfukoni, kwa sababu yatabaki vilevile hata miezi sita ikipita na leseni ikarudi. Kwa 117 gari hukata zaidi ya mita 32 kila sekunde, na ukilinganisha na 80, umbali wa breki zenyewe huzidi mara mbili. Dereva hodari hapunguziwi hesabu hiyo.

La tatu ni lako wewe. Umeandika kwamba ukisema utawakatia wanao riziki. Inawezekana. Nimeishi mji huu muda mrefu, najua mkopo haujui huruma. Ila hesabu yako umeipiga upande mmoja. Bima nyingi za gari hushurutisha dereva awe na leseni halali. Likitokea la kutokea, Mungu aepushe, kampuni yaweza kugeuka ikamdai mwenye gari, na hapo riziki haitakatika miezi mitano, itakatika miaka. Na kuna hili ambalo nalisema nikiwa nimekushika mkono: pesa zinaingia kwenye simu yako. Sikuambii hivyo nikutishe. Nakuambia kwa sababu umejieleza kama mtu aliyesimama pembeni akitazama, na mimi nakuona umo ndani. Aliyemo ndani ana mzigo, kweli, lakini pia ana neno.

Sasa tuje kwenye njia.

Iliyo karibu zaidi nawe inapitia kwa shemeji yako. Ana leseni, na anamkubalia kakake kila kitu. Badala ya kuazimisha kadi, kwa nini asiazime mikono? Aendeshe yeye hii miezi iliyobaki, na mumeo aketi na watoto, awafunge mikanda, awavushe barabara, awashushe mlangoni. Wazazi wataendelea kuuona uso wanaouamini. Nimeifikiria sana njia hii na naiona ina heshima ndani yake, ila ina miiba. Angalieni daraja la leseni yake: gari la abiria wasiozidi 14 lahitaji D1, na mwenye daraja la gari dogo la kawaida atakuwa anavunja sheria vilevile. Kama ana kazi yake, itabidi mumkate fungu, na 44,000 zenu mkitoa mkopo zabaki 21,000 kabla ya mafuta. Na wazazi watauliza mbona usukani umebadilika mkono. Mtajibu nini? Mkidanganya hapo, mtakuwa mmehamisha siri tu kutoka chumba hiki hadi kile. Kama shemeji hafai, kuna madereva wenye D1 wanaotafuta kazi ya asubuhi na alasiri, kwa malipo.

Njia ya pili ni kuwaambia wazazi, nyinyi wawili pamoja, yeye akiwa ndiye msemaji. Najua jinsi maneno haya yanavyomkera mwanamume wa mtaani kwetu. Lakini hebu jaribu kuwaona wale wazazi. Wangapi kati yao hawana mume, kaka au mtoto aliyewahi kushikwa na trafiki? Kuna tofauti kati ya mtu anayekuja mwenyewe akasema “nimefungiwa leseni, kuanzia kesho dereva ni huyu”, na mtu anayegunduliwa. Baadhi watawaondoa watoto wao. Siwezi kukuahidi vinginevyo. Labda wawili, labda watano, na mwezi huo utakuwa mgumu. Ndiyo maana mwende kwenye ushirika kabla ya kushindwa kulipa, msisubiri baada. Mwanachama anayekuja mapema kuomba muda wa mkopo uongezwe husikilizwa kuliko anayefuatwa.

Kuna pia mlango wa sheria, nao hamjaugonga. Mumeo alikiri kosa, kwa hivyo hawezi kukata rufaa kupinga hatia yenyewe. Lakini anaweza kwenda Mahakama Kuu kulalamikia ukali wa adhabu. Muda wa kawaida ni siku 14 tangu hukumu, na kwa hesabu yako zimepita, ila mahakama inaweza kukubali rufaa iliyochelewa kukiwa na sababu ya maana. Muulizeni wakili, Kituo cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa na husaidia wasio na uwezo. Tahadhari moja. Mtu anayeomba kupunguziwa adhabu huku akiivunja kila alfajiri amejifungia mlango kwa mkono wake. Huenda hilo likawa jambo la kumwambia, kwa sababu lina faida yake yeye.

Na kuna njia ambayo umeiogopa hata kuiandika wazi, ya wewe kusema bila yeye. Kwa rafiki yako peke yake, au kwa wazazi wote, au kwa wenye mamlaka. Sitakuambia ifanye wala usiifanye. Gharama yake ndani ya nyumba waijua wewe. Nitakuuliza moja, na ujibu moyoni mwako tu: mumeo akikasirika sana, huwa anafanyaje? Kama ni mtu wa kununa na kutoka barazani, hiyo ni hali moja. Kama kuna siku umewahi kuogopa mkono wake, basi kabla ya kusema lolote tafuta mtu wa kwenu atakayekuwa karibu. Usiingie peke yako.

Kunyamaza nako ni njia, na sitaki nijifanye haipo. Watu wengi wameichagua, na wengine walipita salama. Ila ujue unachokichagua. Ni safari mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, hadi miezi iishe ukitoa likizo, na kila moja utaisindikiza kwa macho kama ulivyosema. Waweza kuubeba mzigo huo? Na bakuli la mahamri litakaporudi?

Kwa vyovyote utakavyoamua, kikao cha kwanza naona ni chako na yeye. Umesema ulimuuliza, na kwa jibu lake nahisi ulimuuliza alfajiri au akiwa na funguo mkononi. Wakati huo mwanamume husikia lawama tu. Mngoje siku ambayo hapeleki watoto, Jumapili jioni labda, mkiwa mmekula na watoto wametoka. Usianze na sheria, wala usianze na mamake. Mwambie habari ya ukosi wa shati. Mwambie ulivyosugua, ulichokifikiria, na mahamri yalivyokukwama. Kisha unyamaze, hata kimya kikiwa kirefu. Nadhani humo ndani ya “wataka watu wanicheke” kuna mtu aliyeogopa siku ile mahakamani, na hajapata wa kumwambia kwamba aliogopa. Akishalisema hilo, neno la shemeji kushika usukani halitamwingia kama tusi.

Asipolisema, usihesabu kwamba umeshindwa. Mjomba wake je? Yuko mzee mnayesali naye, au dereva mwenzake mwenye umri anayemstahi? Mtu kama huyo anaweza kusema kwa sentensi mbili kile ambacho mke akikisema siku arubaini huitwa makelele. Si haki, najua. Lakini tunawatafuta watoto 11 wafike salama, na tutatumia mdomo wowote utakaosikika.

Kuhusu rafiki yako, sijui kama urafiki wenu utalistahimili neno hili. Wewe ndiye unayemjua. Mimi nimebaki nikifikiri tu kwamba mwanamke aliyelala usiku tatu kwenye kiti cha hospitali kwa ajili yako amekwisha kukuona ukiwa katika hali ngumu, na hakuondoka.

Ukimuuliza mumeo habari ya gavana na mikanda, niandikie alivyokujibu. Hata kama hamjafikia popote kwa mengine, hilo la mikanda laweza kuanza kesho alfajiri, kabla gari halijatoka uani.

Wako,
Somo